Gemu za Windows kwenye Linux: miezi minne na laptopu ya mtumba, Kigoma

Nilipomwonyesha mpwa wangu laptopu yenye Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, aliuliza kitu kimoja tu: "Mjomba, ina mpira?" Haina. Nitafika huko.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba, RAM GB 8, na kadi ya picha ya mwaka 2012. Windows 10 imeacha kupewa masasisho ya kawaida tangu Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizitaki rasmi mashine za umri huo. Nikaweka Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, kwa flashi, bure, nikijua kwamba gemu ndiyo basi tena.

Kumbe kuna Proton. Valve, wenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, waliiingiza ndani ya Steam Agosti 2018, wakiwa wameijenga juu ya Wine, mradi wa tangu 1993 wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux. Kazi yake ni ukalimani: gemu inaagiza kwa lugha ya Windows, Proton inadaka agizo na kuligeuza Linux ilielewe. Hata picha zinazochorwa kwa Direct3D, njia ya Windows ya kuiagiza kadi ya picha, hugeuzwa kuwa za Vulkan, njia ambayo Linux inaielewa. Gemu yenyewe haina habari kwamba iko ugenini.

Kwangu shida ilianzia hapohapo kwenye Vulkan. Kadi yangu ya picha ni ya zamani, haiiwezi sawasawa, kwa hiyo Batman: Arkham Asylum ilifungua dirisha jeusi na kujifunga. Siku mbili nilihangaika. Dawa ilikuwa mstari mmoja, unaoandikwa ndani ya Steam kwenye sifa za gemu (Properties), sehemu ya amri za kuwashia (Launch Options):

PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Unaiambia Proton iachane na Vulkan, itumie OpenGL, njia ya zamani zaidi ya kuchora picha. Kasi inapungua, nami nikashusha ubora wa picha hadi chini kabisa, lakini inachezeka. Mwenye laptopu ya miaka ya karibuni hata asijisumbue na mstari huu.

Sasa bando, maana huku ndiko hela inakokwenda. Kupakua gemu ya GB kadhaa kwa simu, hata kwa bando la usiku, ni kujitesa. Nilichofanya ni hiki: Proton hutumia mafaili yaleyale ya Windows, hivyo mdogo wangu aliyeko Dar, ambaye anaicheza gemu hiyohiyo kwenye Windows, alinakili folda yake nzima kwenye diski ya nje akaja nayo kwa treni. Nikaiweka ndani ya steamapps/common, folda ambamo Steam huweka gemu, nikabonyeza kusakinisha. Steam ikayakuta mafaili, ikayakagua, ikapakua vipande vichache tu. Lazima gemu uwe umeinunua kwenye akaunti yako mwenyewe. Folda peke yake haifungui kitu.

Kabla ya kununua, ingia ProtonDB, tovuti ambako wachezaji huandika gemu gani inakubali kwenye Proton, usome watu wenye mashine kama yako wanasemaje. Daraja la platinamu, yaani gemu inacheza bila shida, la mwenye kadi kubwa Ulaya halikuhusu wewe wa Ujiji.

Na si kila kitu kinahitaji mkalimani. Stardew Valley na Euro Truck Simulator 2 zina matoleo yao ya Linux. SuperTuxKart na 0 A.D. ni za bure kabisa, hata Steam hazihitaji.

Tukirudi kwenye mpira. Gemu nyingi za kushindana mtandaoni zina programu ya kuzuia wadanganyifu. Mbili kati ya hizo, Easy Anti-Cheat na BattlEye, zinakubali Proton tangu 2021, ila mpaka mtengenezaji wa gemu mwenyewe aruhusu, na wengine hawajaruhusu. Nyingine zinajichimbia hadi moyoni mwa Windows, na kwenye Linux moyo huo haupo. EA Sports FC, gemu ya mpira aliyoitaka mpwa wangu, iko kundi hili. Hapo usitafute mstari wa kuandika wala fundi wa kukusaidia, na hela yako baki nayo.

Steam ina hali ya kucheza bila mtandao, na naitumia karibu kila siku; ila niliingia kwanza nikiwa na mtandao, nikafungua kila gemu mara moja ikamaliza maandalizi yake.

Mpwa wangu sasa ananishinda kila mbio kwenye SuperTuxKart. Mpira anakwenda kuchezea kwenye banda la PlayStation kule Mwanga, kwa hela yangu.