Hotspoti bila bando: nilivyopima njia za kurusha video za harusi, Bagamoyo

Tundu la chaji la simu yangu lililegea kabla ya Ramadhani. Fundi wa Magomeni alipolifungua alinionyesha kutu ya kijani ndani yake. Ukipiga picha ufukweni Bagamoyo miaka minne, chumvi ya bahari inakula kila kitu. Chaji bado inaingia, ila laptopu haiioni simu tena hata ubadilishe waya. Na Mfungo Mosi ulikuwa mlangoni, harusi zinapofuatana.

Kamera kubwa ina kadi yake, nachomoa tu. Lakini bibi harusi akipakwa hina, kina mama wakicheza uani, vipande hivyo vya video navichukua kwa simu, na lazima vifike kwa mtoto wa kaka yangu anayehariri usiku ule ule. Basi Jumapili moja tulikaa barazani Dunda na video moja ya GB 1.4, simu ya Android, laptopu ya Windows 10, na saa.

Nilianza na Bluetooth, niliyoizoea tangu simu za vitufe, tulipokuwa tukirushiana kaswida na taarabu. Kwa wimbo wa MB 4 bado inafaa. Kwa video, hapana: nusu saa ilipita na robo tu ya faili ndiyo ilikuwa imefika. Simu haina kosa. Bluetooth inayobeba mafaili inaishia megabiti 3 kwa sekunde kwenye karatasi, na mkononi hupungua zaidi. Mwenye iPhone ndiyo kabisa, hawezi kukurushia faili kwa Bluetooth kwenye Android wala Windows.

Watu wengi hapa watakwambia, "Nitumie WhatsApp." Hapo ndipo roho inaniuma. Picha ukiituma kama picha hubanwa, na maua ya hina niliyohangaikia mwanga wake yanakuwa doa la kahawia kiganjani. Ukiituma kama hati hubaki ilivyo, hadi GB 2 kwa faili. Lakini hesabu bando: GB 1.4 zinapanda kwenye seva, kisha laptopu inazishusha tena kupitia simu ile ile. GB 2.8 zimekwenda, na faili limetoka gotini kwangu hadi mezani.

Kuna programu moja ya kurushiana iliyokuwa kwenye kila simu zamani. Nimeifuta. Matangazo ya kamari yalikuwa yakijitokeza katikati ya kazi, nami simu yangu naishikisha bibi harusi na mama yake.

Quick Share ya Google, ambayo zamani iliitwa Nearby Share hadi ilipounganishwa na ile ya Samsung mwaka 2024, ni nzuri. Inatumia Bluetooth kutafutana tu, mzigo wenyewe unabebwa na Wi-Fi. Simu kwa simu za Android ndiyo ninayoitumia, kwa sababu mgeni harusini hahitaji kupakua kitu. Ipo pia ya Windows, ila Bluetooth ya laptopu yetu ni ya zamani, mara mbili hazikuonana, na ya tatu ilichukua dakika sita.

Iliyoshika nafasi ya kwanza kwangu ni LocalSend. Ni programu ya bure ya kurushiana mafaili, haina matangazo, haitaki ufungue akaunti, na ipo kwa Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Sharti lake ni vifaa viwe kwenye mtandao mmoja, na mtandao huo hauhitaji intaneti. Zima data kwenye simu, washa hotspoti (simu igeuke kituo cha Wi-Fi), unganisha laptopu, fungua LocalSend pande zote mbili. Kila kifaa hupewa jina la kubuni, mara nyingi la tunda. Unaligusa, wa upande wa pili anakubali, basi. Kuzima data usisahau, maana laptopu ikihisi intaneti itaanza kujisasisha kwa bando lako.

Mara ya kwanza hazikuonana. "Shangazi, umeuchagua mtandao wa umma," kijana akaniambia. Tulipoubadilisha kuwa wa binafsi, ukuta wa usalama wa Windows (firewall) ukaacha kuzuia. Video ikapita kwa dakika tano. Kisha tukaihamisha hotspoti kutoka masafa ya GHz 2.4 kwenda GHz 5, ikapita kwa sekunde 58. Nilirudia mara tatu kuhakikisha.

GHz 5 ina udhaifu wake: haipendi kuta. Nyumba za Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, nene kweli kweli. Nikiwa uani na laptopu iko sebuleni, narudi kwenye 2.4 au naisogeza laptopu. Na Wi-Fi za nyumba za wageni usizitegemee kwa kazi hii, nyingi zimewekwa ili vifaa vya wageni visionane. Kioo cha simu nacho kisizime katikati.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika saa tano usiku, bibi harusi akiwa bado hajatolewa. Vipande 31 vilikuwa simuni, laptopu ina chaji asilimia 40. Tuliwasha hotspoti gizani, tukarusha vyote, na mama wa bibi harusi akavitazama pale pale mkekani, akiwaita dada zake mmoja mmoja waje waone.