Uzoefu wangu: kipimo cha IGF-1 na cha klonidini kwa mtoto mfupi, Upper Hill

Wauguzi nawapa nne kwa tano. Karatasi ya majibu, mbili.

Ilikuja na IGF-1 (protini ya damu inayotengenezwa kwa amri ya homoni ya ukuaji) ya nanogramu 110 kwa mililita, mtoto wa miaka 7, na alama kwamba iko chini. Kumbe maabara walilinganisha na viwango vya watu wazima! Kwa umri huo 110 ni ya kawaida. Ingetia shaka kwa mvulana wa miaka 14 aliye katikati ya balehe, maana wakati huo IGF-1 hupanda sana. Kabla ya kulipa, uliza kama viwango vyao vimegawanywa kwa umri na jinsia. Wakisita, ondoka.

Walitaka pia kuongeza kipimo cha homoni ya ukuaji cha kutoa damu mara moja tu. Nilikataa. Homoni hiyo hutoka kwa vipindi, nyingi usiku mtoto akiwa usingizi mzito, kwa hiyo saa nne asubuhi inaweza kukaribia sufuri hata kwa mtoto asiye na kasoro. Ndiyo sababu ya klonidini, dawa ya presha: kuichokoza homoni itoke.

Hapo walifanya kazi safi. Mtoto haendi ameshiba: tangu usiku ni maji tu. Kanula (mrija mdogo wa mshipani) moja mkononi, asichomwe mara tano. Dawa ni mikrogramu 150 kwa kila mita mraba ya mwili. Mwenye sentimita 115 na kilo 20 ana kama 0.8, basi 120. Damu hutolewa kabla ya dawa, kisha dakika ya 30, 60, 90 na 120, na presha kupimwa kila mara kwa kuwa hushuka. Mtoto husinzia hadi alasiri; wekeni nauli ya teksi, mtoto aliyelegea hivyo si wa kugombania matatu za Thika Road.

Homoni isipopanda vya kutosha katika kipimo kimoja, bado si ugonjwa. Hurudiwa kwa dawa nyingine, mathalani glukagoni, ambayo hutapisha na hushusha sukari baadaye. Msitoke kabla hajala na kutulia.

Kingine: hakuna aliyeuliza kuhusu TSH, kipimo cha damu cha tezi ya shingo. Tezi hiyo ikilegea, au mtoto akiwa na utapiamlo, IGF-1 hushuka vilevile. Itisheni TSH kwanza, pamoja na eksirei ya mkono wa kushoto ya umri wa mifupa. Msichana mfupi bila sababu inayoeleweka apimwe kromosomu pia.