Kapasita na bafa za pedali ya gitaa: kipi ununue kwanza ukiwa Unguja

Mtu anayejitengenezea pedali ya gitaa, kile kisanduku cha kukanyaga cha kubadilisha sauti, akifika dukani mara nyingi huanza na kapasita. Anataka ya rangi fulani au ya kampuni fulani, na pesa nzuri inakwenda kwa kitu ambacho sikio halitakisikia. Mimi nasema pesa ianze kwenye bafa, yaani saketi ndogo inayoipa sauti nguvu ya kuendelea mbele. Kwenye kapasita, angalia thamani kabla ya jina.

Bafa

Pikapu ya gitaa, kile kinachonasa sauti ya nyuzi, haina nguvu ya kusukuma waya mrefu. Waya wa kawaida una takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, na ukifika mita 6 unameza ule ukali wa juu kabla haujaingia kwenye amplifaya. Bafa huipokea sauti bila ya kuilemea, kisha huitoa ikiwa na uwezo wa kuendesha waya na pedali zinazofuata.

Kwa wapiga udi wetu wa taarab wanaotumia pikapu ya piezo, ile inayonasa mtetemo wa mbao, jambo hili ni zito zaidi. Piezo yenye nanofaradi 1 ukiichomeka kwenye pedali yenye ukinzani wa mega-omu 1, kila kilicho chini ya Hz 159 kinaanza kupungua, na nyuzi nzito zinalia kama kopo. Ukiipa mega-omu 10, mpaka huo unashuka hadi Hz 16 na udi unakuwa udi tena.

Chaguo langu la kwanza ni TL072. Ni aisii ya miguu minane yenye opampu (vikuza sauti vidogo) mbili ndani, na mafundi redio wengi wanaijua kwa sababu imo kwenye miksa na amplifaya nyingi. Mlango wake wa kuingilia hauvuti karibu chochote, kwa hivyo ukinzani wa pedali unauchagua mwenyewe kwa resista moja tu: mega-omu 1 kwa gitaa, 10 kwa piezo. Betri ya volti 9 inatosha. Igawe nusu kwa resista mbili za kilo-omu 100, na pale katikati weka elektroliti ya maikrofaradi 10 kwenda grauni. Opampu ya pili usipoitumia, usiiache inaning'inia: mguu wake wa kutolea sauti uunge na ule wenye alama ya kutoa (−), na wenye alama ya kujumlisha (+) uupeleke kwenye volti 4.5. Nunua na soketi yake. Aisii haitaungua kwa joto la solda, na siku ukitaka kujaribu nyengine unachomoa tu.

Ya pili ni 4558, nayo ni aisii ya opampu mbili. Inapatikana hata pahala TL072 imekosekana, na kwa gitaa inafanya kazi vizuri sana. Kwa piezo siipendekezi.

J201 na 2N5457, transista za aina ya JFET, nimeziweka za tatu, na si kwa ubaya wa sauti. Sauti yake ni nzuri khasa. Tatizo ni kwamba zile za miguu mirefu zimeadimika na bandia zimejaa sokoni. Kama huna njia ya kuzipima, pesa yako iko hatarini. Transista za kawaida kama 2N3904 au C1815 zinafuata: rahisi, zinapatikana hata kwenye redio mbovu, zinafaa kukaa mwisho wa pedali lakini si mbele ya piezo. LM358, aisii nyengine ya opampu, iache dukani. Inachafua sauti kila wimbi linapovuka katikati, na kwenye noti laini utaisikia.

Kapasita za kuunganishia

Kazi yake ni kuzuia volti za betri zisivuke kutoka hatua moja kwenda nyengine, huku sauti ikipita. Lakini kila kapasita inakata besi kwa kiasi fulani, na hesabu yake ni nyepesi: chukua 159,000, ugawe kwa kilo-omu za kinachofuata mara nanofaradi za kapasita. Nanofaradi 10 mbele ya mega-omu 1 inakata kuanzia Hz 16 kwenda chini, na uzi mzito wa gitaa uko Hz 82, kwa hivyo hupotezi kitu. Nanofaradi 100 mbele ya pedali yenye kilo-omu 10 tu inakata kuanzia Hz 159 kwenda chini. Hapo besi imekwenda, na hakuna kampuni itakayoirudisha.

Poliyesta ya kiboksi ndiyo ya kununua. Ni ndogo, ya bei nafuu, haina upande wa chanya na hasi, na imefunikwa vizuri dhidi ya hewa yetu ya bahari. Chukua 103, 104 na 105, yaani nanofaradi 10, nanofaradi 100 na maikrofaradi 1. Herufi J mwishoni ina maana haipotoki zaidi ya asilimia 5. K ni 10. Kabla hujalipa, tazama miguu. Ikiwa imefifia na kuwa na weusi, lehemu haitashika mpaka uikwangue kwa wembe, na mwenye duka akupe nyengine.

Polipropilini ni nzuri pia, ila ni kubwa na ghali, na ndani ya pedali sioni sababu yake. Elektroliti ni ya kutolea, maikrofaradi 10, pale ulipokosa poliyesta ya 105. Upande wa chanya uelekee kwenye aisii yenye volti 4.5. Nunua mpya. Poliyesta ya kung'oa kwenye televisheni kuukuu naichukua bila ya wasiwasi, elektroliti hapana, hukauka kwa miaka.

Seramiki ya duara yenye 104 usiitumie kwenye njia ya sauti. Thamani yake inayumba kwa joto na volti, na ukiigonga gonga inalia kwenye spika. Tantali, ukiikosea upande, imekufa.

Ongeza resista moja ya kilo-omu 100 kutoka kwenye jeki ya kutolea kwenda grauni, ili pedali isipige paf! unapoikanyaga. Na kama una fazi, pedali ya kukwaruza sauti, ya mtindo wa Fuzz Face, ile ya Uingereza ya 1966, bafa ikae baada yake. Fazi hiyo inataka kuishika pikapu moja kwa moja.