Disco Elysium: nimeicheza mara mbili kwa ajili ya Kim

Mimi nauza leso Biashara Street hapa Mombasa, na kazi hii imenifundisha kusoma maneno kabla ya rangi. Mteja hukunjua doti, akapenda pindo, akapenda mji, kisha akasoma jina. Jina likipwaya, leso hurudi rafuni. Ni maneno machache tu yale, lakini lazima ndani yake muwe na mtu: mke mwenza, jirani, shoga waliyekosana jana. Kipimo hicho hicho ndicho ninachopimia mazungumzo ya gemu, na wandani wengi wa gemu, yaani wahusika wanaofuatana na mchezaji, hawakivuki. Kim wa gemu ya Disco Elysium anakivuka.

Tatizo la hao wengine ni kwamba wanakungoja. Katika Dragon Age: Origins ya 2009 unampa mwenzako zawadi, na namba ya mapenzi yake inapanda mbele ya macho yako. Baldur's Gate 3 ya 2023 ina wandani ninaowapenda kwa dhati, Karlach hasa, lakini kila ukitenda jambo, maandishi yanakutangazia kwamba fulani amependezwa, fulani hakupendezwa. Garrus wa Mass Effect 2 ni rafiki wa kufa na kuzikana, ila maneno yakimwishia anakwambia yumo kazini anasawazisha mitambo, na utamkuta papo hapo kesho na kesho kutwa.

Disco Elysium ilitoka 2019, imetungwa na kikundi cha ZA/UM chenye asili ya Estonia, na mwandishi wake mkuu ni Robert Kurvitz. Ina maneno zaidi ya milioni moja. Hakuna upanga wala uchawi. Vita vyote ni vya mdomo na dadu mbili. Wewe ni mpelelezi uliyeamka hotelini baada ya ulevi mkubwa, hukumbuki hata jina lako, na nyuma ya hoteli kuna maiti inaning'inia mtini siku ya saba. Ukishuka chini unamkuta Luteni Kim Kitsuragi, koti la rangi ya chungwa, miwani, kijitabu mkononi. Amekuja kufanya kazi nawe.

Uzuri wa Kim umejengwa juu ya kelele. Ndani ya kichwa chako muna stadi 24 na kila moja ina sauti yake: Mantiki inabishana, Huruma inanong'ona, nyingine inakushawishi urudie chupa. Unaweza kusoma kurasa za makelele haya, kisha Kim aseme sentensi moja fupi, na ukahisi kama mtu aliyetoka sokoni Marikiti saa sita akaingia msikitini. Mwandishi alijua kunyamaza nako ni mazungumzo. Kim akichukizwa hakwambii. Anaandika kitu kijitabuni. Imani yake kwako inahesabiwa kimya kimya na huonyeshwi. Inakubidi umsome, kama unavyomsoma binadamu.

Mara ya kwanza nilishindwa kulipa deni la hoteli, reali 130. Usiku umeingia, nimetafuta kila mahali. Kim akatoa mapambo ya rimu za gari lake, gari analolipenda mno, niende nikayaweke rehani. Hakunitolea hotuba. Niliacha kucheza nikakaa kitandani kwa muda.

Halafu kuna dereva wa lori. Bandari ya Martinaise, mtaa wa mji wa Revachol ambamo kisa kinatendeka, imefungwa kwa mgomo wa makuli, malori yamepanga foleni, na sisi wa Mombasa twaijua foleni hiyo bila kuelezwa. Dereva mmoja anamtazama Kim usoni na kumkaribisha Revachol kana kwamba ni mgeni, na huo ndio mji ambao Kim mwenyewe kazaliwa na kukulia. Kim hapandishi sauti. Wewe ndiwe unayepewa nafasi ya kulishikilia jambo hilo au kuliacha. Babu yangu alitoka Hadhramaut, kule Yemen. Mimi nimezaliwa Kibokoni, na nimewahi kuulizwa kwetu ni wapi katika ofisi moja hapa hapa, cheti cha kuzaliwa kikiwa mkononi. Utulivu ule wa Kim naujua. Si upole, ni uchovu wa miaka, na aliyemwandika aliuona.

Mamangu hajui Kiingereza, lakini tangu toleo la The Final Cut la 2021 wahusika wote wana sauti, basi hukaa nami baada ya Isha akisikiliza. Siku ya tatu akaniuliza, "Huyu bwana wa miwani ni nani, mwanangu?" Nikamwambia ni askari mwenzangu. Akasikiliza kidogo. "Huyu kalelewa," akasema. Hakuelewa neno hata moja.

Kasoro zipo. Kiingereza chake ni kizito, na mwenye kuchoka kusoma asijaribu. Mazungumzo na Joyce, mwakilishi wa kampuni inayogomewa, kuhusu dunia yao yalinipita kimo usiku wa kwanza, ikabidi niyarudie. Cuno, mtoto anayeipiga maiti mawe, ana matusi mazito, kwa hiyo usifungue mbele ya wadogo. Herufi nazo ni ndogo. Kwenye laptopu yangu ya mitumba niliziongeza ukubwa kabla ya jambo lolote.

Lakini nilipomaliza nilianza upya siku hiyo hiyo, safari hii nikijaribu kuwa mtu ambaye Kim angemheshimu. Nikaacha pombe. Nikaiteremsha maiti kwa adabu. Kanisani, katika jengo la mbao ambamo vijana wanataka kufungua disko, nikamwomba acheze, na Kim, mtu anayejiruhusu sigara moja tu kwa siku, akacheza.

"Mama," nikamwita, "njoo uone." Akaja na kikombe chake cha chai, akasimama mlangoni mpaka muziki ukaisha.