Mita ndogo za maji kwa nyumba za kupangisha: nunueni, ila zifungwe baada ya tenki

Jamani kama una nyumba ya kupangisha Dar na mita ya DAWASA ni moja wapangaji wote wanachangia, chukua hizi mita ndogo za nusu inchi zinazouzwa maduka ya mabomba Kariakoo. Nimefunga kila mpangaji ya kwake na aisee zile kesi za "yeye ana watoto wanne mi niko mwenyewe halafu tunalipa sawa" zimeisha kabisa.

Kusoma rahisi, namba nyeusi ndo yuniti, yuniti moja lita 1,000. Halafu kuna kanyota kadogo pale kati, ukifunga koki zote ukakaona bado kanazunguka ujue kuna sehemu panavuja, kwangu kalionyesha choo cha chumba cha nyuma kinapitisha maji taratibu hata sauti hakitoi.

Ubaya wake sasa, maji ya mgao yakirudi yanasukuma hewa kwanza na mita inazunguka kwa hewa hiyo, yani mtu analipia upepo. Ndo maana mwambieni fundi azifunge kwenye laini inayotoka kwenye simtank sio ile inayotoka barabarani, na mshale ulio kwenye mita uelekee maji yanakoenda. Za shaba ni bora, zile za plastiki nati zinapasuka ukikaza kidogo tu.

Na wenye nyumba wenzangu, jumla ya mita ndogo na bili kubwa hazilingani sawasawa, ile tofauti lipa wewe usimbebeshe mpangaji.