Yamaha PSR-E373: kinanda cha kwanza kwa mtoto anayegonga sufuria

Mtoto akishaanza kugonga sufuria kwa mpangilio, au kuimba sauti ya pili ya kwaya bila kufundishwa, wazazi wengi hukimbilia kale kananda kadogo ka vibao vyembamba. Bei yake nafuu, na wanahofia mtoto atakichoka baada ya wiki mbili. Kweli anakichoka, ila mara nyingi anachochoka ni kile kifaa, muziki bado anautaka. Casio SA-46, kwa mfano, ina vibao 32 vidogo na haitoi zaidi ya noti nane kwa mpigo. Ukikigusa kibao taratibu au ukikitwanga, sauti ni ileile. Kwa mtoto wa miaka minne ni mchezo mzuri sana. Kwa wa miaka saba mwenye sikio, ni ukuta.

Huyo wa pili mnunulie PSR-E373. Kina vibao 61 vya ukubwa kamili, na kinasikia nguvu ya kidole: ukibonyeza polepole kinanong'ona, ukipiga kwa nguvu kinapaza. Ukubwa wa kibao si urembo. Oktava ya kawaida, yaani kutoka Doh hadi Doh inayofuata, ina upana wa kama sentimita 16 na nusu, na mkono wa mtoto huukariri umbali huo zaidi ya macho yake. Aliyezoea vibao vidogo akikaa kwenye piano ya kanisani au ya shule, vidole vyote vinatua pembeni.

Kabla hajakigusa, rekebisha mambo mawili. Kwanza, kwenye orodha ya mipangilio tafuta mwitikio wa mguso, uuweke Soft, maana vidole vya mtoto bado vyepesi. Usiuweke Fixed, hapo unakirudisha kuwa kama kale kadogo. Pili, mwonyeshe kitufe cha Portable Grand, kinachorudisha sauti ya piano mara moja. Kinanda hiki kina sauti 622 na midundo 205, na huo ndio udhaifu wake mkubwa kwa mtoto: nusu saa ya mazoezi inaishia kwenye kutafuta filimbi na ngoma. Utaratibu unaofaa ni dakika 15 za piano tupu, kisha dakika tano za kuchezea sauti anazotaka. Usimnyime hizo tano.

Urefu wa stendi wengi hawaujali. Mtoto akae, si kusimama, na kiwiko kiwe usawa wa vibao. Miguu ikining'inia, weka kigoda chini yake, la sivyo mabega yanapanda na vifundo vya mikono vinakakamaa.

Somo la ndani lina hatua tatu: Listening, Timing na Waiting. Waiting ndiyo watoto huipenda, kwa sababu wimbo unasimama kumsubiri hadi apate noti sahihi. Ndiyo pia inayoharibu. Mtoto anajifunza kuwinda kibao huku mapigo yamekufa. Anzeni na Timing, ambayo haijali kibao gani kimebonyezwa ilimradi kimebonyezwa kwa wakati wake. Sauti sahihi inatoka yenyewe. Mapigo yakishakaa mwilini, ndipo Waiting.

Kwa watoto wa kwaya kuna Transpose, mpangilio unaopandisha au kushusha sauti za vibao vyote kwa pamoja. Karatasi ya sol-fa (noti za Doh, Re, Mi) ikisema Doh ni F, unapandisha nusu-toni tano na mtoto anapiga kana kwamba ni C. Ni msaada kwa miezi ya mwanzo. Baada ya hapo mpokonye, maana kuna wapiga vinanda watu wazima waliohudumu makanisani miaka mingi ambao F hawaijui ilipo. Wanaijua namba ya Transpose tu.

Kuhusu umeme: kinatumia adapta ya volti 12, au betri sita za AA. Za alkalini zinafaa, zile za bei ya chini kabisa hazidumu, na usichanganye mpya na kuukuu. Adapta ya kubahatisha ndiyo inayoua vinanda vingi. Soma volti, kisha linganisha mchoro wa chanya na hasi ulio karibu na tundu na ule wa kwenye adapta. Plagi kuingia haina maana kwamba inafaa. Kikijizima chenyewe usimwite fundi: kimewekwa kizime kisipoguswa kwa dakika 30. Pedali huuzwa peke yake, na usiikanyage wakati wa kuwasha, kwa kuwa itafanya kazi kinyume: sauti inavutika ukiachia, inakatika ukikanyaga.

Ukikipata kilichokwisha kutumika, kijaribu hivi. Hakikisha mguso hauko Fixed, maana Fixed huficha ubovu. Bonyeza Portable Grand, kisha piga kila kibao kwa nguvu ndogo iliyo sawa, kutoka kushoto hadi kulia, vyeusi pia. Kibao kimoja kikipiga kelele kati ya wenzake, au kikanyamaza, basi kuna uchafu chini yake. Kila kibao kina migusano miwili ya mpira, na kinanda hupima muda kati ya wa kwanza na wa pili ili kujua nguvu ya kidole. Vumbi au chumvi ya upepo wa bahari ikikaa kwenye mmoja, hesabu inavurugika. Vibao viwili vitatu vya namna hiyo ni vya kuombea punguzo. Fundi anakifungua, anainua utepe wa mpira, anafuta kwa pamba na spiriti safi na kuacha pakauke. Akichukua msasa au dawa ya kulainisha kufuli, mzuie. Nyumbani kifunike kwa kanga kikiwa hakitumiki.

Anayelenga mitihani ya piano ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, asikitegemee kwa muda mrefu. Vibao vyake ni vyepesi, na kidole kilichokomaa hapa kinalemewa kwenye piano halisi. Huyo atahitaji vibao 88 vyenye uzito. Kwa mitihani ya kinanda cha umeme ya Trinity, bodi nyingine ya Uingereza, kinamfikisha mbali zaidi. Mfano mpya, PSR-E383, upo sokoni, lakini kwa mtoto anayeanza, E373 kizima cha bei nzuri hakina cha kuonea haya. Tofauti ya bei nunueni stendi na pedali.