Antena ya FM ya kuelekeza kwenye mvua za Tukuyu: uzoefu wangu

Tukuyu ukitaka kujua ubora wa kitu cha chuma, kiache nje masika moja. Mvua huku inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na siku isiponyesha ukungu unalowesha kila kitu. Antena yangu ya vijiti vitatu imepita hapo, na stesheni za Mbeya mjini bado zinaingia safi.

Kati yetu na Mbeya kuna milima ya Uporoto. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka, hivyo sisi wa nyuma ya mlima tunapata masalia tu. Antena ya redio yenyewe, hata uivute yote, ilikuwa inaleta mikwaruzo. Antena ya kuelekeza inakusanya nguvu ya upande mmoja na kupunguza kelele za pande nyingine. Muundo wake ni ule wa Wajapani Yagi na Uda, wa miaka ya 1920: kijiti kirefu nyuma, cha kati chenye boksi la kebo, kifupi mbele.

Dukani nenda na futi kamba. FM iko kati ya megahezi 87.5 na 108, kwa hiyo kijiti cha kati lazima kikaribie mita moja na nusu, yaani nusu ya urefu wa wimbi. Ukipewa yenye vijiti vifupi kama rula ya shule, hiyo ni ya TV ya dijitali, iache hapo hapo.

Sasa uimara, maana ndio ulionifanya niandike. Watu huhesabu vijiti. Mimi nasema angalia viungo. Alumini ikibanwa kwa boliti ya chuma cha kawaida kwenye unyevu, zinalana. Yangu ina boliti za chuma cha pua. Mabomba ni mazito kiasi kwamba kunguru wanatua na hayapindi, na ncha zake zimezibwa kwa vifuniko, kwa sababu bomba lililo wazi hupiga mluzi kwenye upepo na ule mtikisiko hulichosha. Boksi lina mpira wa kuzuia maji, na chini yake kuna tundu dogo la kutolea jasho. Baada ya masika nilimwomba fundi alifungue: skrubu zinang'aa, shaba ya kebo bado nyekundu, hakuna ule unga wa kijani. Hapo ndipo nilipoiamini kabisa.

Kasoro ninayo moja, na si ndogo. Kibano cha kuishikilia kwenye nguzo ni chuma kilichopakwa rangi tu, kikaanza kutoa kutu mapema. Fundi akaweka cha mabati. Kwa bei niliyolipa, mtengenezaji hakupaswa kubana hapo.

Kuilenga kunataka subira. Kijana wangu alikuwa juu anaizungusha taratibu, mimi sebuleni nasikiliza, tunapigiana kelele kupitia dirishani. Ilikubali zaidi ikiwa imekwepa kidogo uelekeo wa Mbeya, nadhani inapokea mawimbi yanayogonga mlima na kurudi. Jaribuni pia kuilaza ubavu vijiti visimame wima, kwani stesheni nyingi hurusha hivyo kwa ajili ya redio za magari. Ila ikisimama wima, nguzo ya chuma isipite katikati ya vijiti. Mimi nimetumia nguzo ya mti wa mlingoti.

Ndugu zangu mlioko Uyole au mjini mnaoona minara kwa macho, msitumie hela huku. Waya wa mita moja na nusu unatosha. Wa Rungwe na Busokelo, chukueni hii, na kebo ya omu 75 (ile ya antena za TV) iachieni mkunjo chini kabla haijaingia ndani ili maji yadondokee nje. Nguzo wekeni mbali na nyaya za umeme, iwe na waya wa ethi unaoingia ardhini, na mawingu ya radi yakianza kukusanyika chomoeni kebo mapema.